Meno ya Mpiga Buruji

Babu aliingia bendi ya jeshi kwa sababu ya meno. Mwenyewe alitaka kuwa dereva. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, amekwisha kujifunza kuendesha trekta la watu, na aliamini kabisa kwamba jeshi lingemkabidhi lori siku ile ile ya kwanza. Badala yake akapita sajini mmoja mwenye tumbo, akiwaamuru makuruta wafungue vinywa mmoja mmoja, kama mtu anayenunua punda. Alipofika kwake akasimama, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Huyu," akasema. "Meno ya mbele yote yako kwenye gwaride. Mpelekeni bendi."

Lori akapewa kuruta aliyesimama kushoto kwake, kijana mfupi mwenye pengo ambalo ungeweza kupitisha kidole. Wiki ya kwanza tu kijana yule aliliingiza lori kwenye jiko la maofisa, huku akipiga kelele "Breki! Breki!" kana kwamba kuna mtu mwingine wa kuzikanyaga. Tangu siku hiyo hakuitwa jina lingine. Hata mke wake, alipompata, aliitwa Mama Breki, na watoto wao walijulikana shuleni kama watoto wa Breki.

Babu naye akapewa buruji, ile tarumbeta fupi ya jeshi isiyo na vitufe. Sauti zake zote hutoka kwenye midomo na pumzi ya mpulizaji. Chombo chenyewe ni bomba tu la shaba lililokunjwa. Aliipuliza miaka ishirini na miwili. Aliwaamsha askari, akawaita kula, akawaita kukimbia, akawalaza. Alikuwa akisema kwamba hapakuwa na mtu kambini aliyetukanwa kimoyomoyo na watu wengi kwa mara moja kama yeye, kila siku saa kumi na moja alfajiri.

Alipostaafu aliajiriwa kuwa mlinzi wa geti katika kiwanda cha sabuni. Mwaka mmoja king'ora cha kiwanda kiliungua, na wiki tatu nzima ni Babu aliyewaingiza na kuwatoa wafanyakazi kwa buruji. Ikaonekana kwamba watu wanaenda kula dakika nne kabla ya wakati. Meneja akashuka mwenyewe getini na saa yake mkononi.

"Mzee, wewe unatumia saa gani?"

"Tumbo, bwana meneja. Halijawahi kusimama tangu nizaliwe."

Meneja alicheka, na dakika nne zikabaki pale pale hadi king'ora kipya kilipoletwa.

Mambo haya yalisimuliwa katika familia kwa heshima, na aliyeyasimulia kwa heshima kuliko wote alikuwa mkamwana wake. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaa ule, na kila mtu alimwita Mwalimu, Babu akiwa wa kwanza. Alikuwa ameolewa na mtoto pekee wa Babu. Mume alipofariki, ndugu zake Mwalimu walikuja kumchukua na gari. Aliwapa chai, akawasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akawaambia, "Nimwache mzee na nani?" Gari likarudi tupu. Nyumbani wakabaki watu watatu: Babu, Mwalimu, na binti yake, mjukuu pekee, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uuguzi.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, yenye kibaraza kinachotazama barabara, na Mwalimu aliitunza kama daftari la mwanafunzi bora. Mapazia yalipigwa pasi. Hakuna aliyefungua mlango akiwa na fulana. Vikombe vya wageni vilikaa kwenye kabati la vioo, vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Babu hakuona ugumu wowote katika sheria hizo. Alikuwa ameishi na kali zaidi. Kitanda chake kilitandikwa kwa kona kali hata ungeogopa kukikalia. Viatu vyake vilingojea mlangoni, ncha zikitazama nje. Na juu ya kitanda, kwenye msumari, ilining'inia buruji ndani ya kitambaa cha flana.

Ilining'inia pale kwa sababu moja. Siku ya kumzika mwanawe, Babu alisimama kando ya kaburi akampigia wito wa mwisho, ule unaopigiwa askari, ingawa mwanawe alikuwa fundi wa redio na hakuwahi kushika bunduki. Hakukosea hata sauti moja. Mwalimu alivumilia kila kitu siku ile isipokuwa sauti ile. Wiki kadhaa baadaye Babu alipoitoa buruji kwenye flana ili afanye mazoezi yake ya kawaida, Mwalimu alisimama mlangoni mwa chumba, mkono kwenye fremu.

"Baba, naomba unisamehe. Hiyo isilie tena hapa nyumbani."

"Sawa, Mwalimu," Babu akasema, akaifunga.

Lilikuwa ombi, lakini yeye alilipokea kama amri. Miaka minne haikulia. Kila Jumamosi aliishusha, akaing'arisha hadi ukaona pua yako ndani yake, akairudisha msumarini. Mwalimu akaamini kwamba mzee amemalizana na mambo ya buruji, kama watu wanavyomalizana na mpira wa miguu.

Jumamosi hizo hizo ndizo alizokuja Breki. Mtu aliyeendesha malori ya tani kumi sasa alikuja kwa baiskeli, akipiga kengele tangu mwanzo wa barabara ili watoto wapishe.

"Hujambo wewe mpuliza bomba? Umekula? Maana nchi hii ilikulisha bure."

"Na wewe hujambo? Umegonga nini leo?"

"Kuku."

"Afadhali. Kuku hana jiko."

Walikaa kibarazani kwenye viti vya mbao, miguu imenyooshwa, wakitukanana kwa mapenzi mpaka chai ilipokwisha. Mwalimu alijifanya hasikii yale matusi makubwa. Mjukuu hakujifanya, alikaa kwenye ngazi na kucheka. Na ni yeye aliyeuliza, siku moja, kama ni kweli kwamba babu yake hakuwahi kupiga risasi hata moja vitani. Kuna mtu chuoni alimwambia wapiga buruji si askari, ni wanamuziki.

Kabla Babu hajajibu, Breki aliweka kikombe chini.

"Huyo mtu wa chuo ana lori?" akauliza.

"Hana."

"Basi kaa nikwambie."

Akamsimulia. Katika vita vile watu wa bendi waliweka ala zao kubwa chini, wakapewa machela za kubebea majeruhi. Breki alipewa lori la kuwapeleka hospitali ya mahema, safari ya nusu siku kwenye barabara ya milimani yenye kona zisizohesabika. Kila baada ya kona chache kulikuwa na walinzi wao wenyewe, vijana walioogopa, na asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Gari lolote lisilojitambulisha lilipigwa risasi. Ilikuwa desturi kupiga honi kwa namna waliyokubaliana. Honi ya lori la Breki ilikuwa imeng'olewa na kipande cha bomu.

"Sasa babu yako huyu," Breki akasema, "alipanda mbele pamoja nami, akatoa kichwa na kifua chote nje ya dirisha, na kila tulipokaribia kona akapuliza wito wa kikosi chetu. Kila kona. Siku tisa, kwenda na kurudi. Midomo ilipasuka ikatoa damu. Nyuma mle nilikuwa na watu wanane, siku nyingine kumi. Mara moja alichelewa, alikuwa anakohoa. Risasi ikaingia kioo hiki, ikatokea kioo kile. Hakuchelewa tena. Kwa hiyo mwambie huyo wa chuo kwamba babu yako hakupiga risasi. Alizizuia."

Babu alikuwa anatazama barabara. "Anaongeza chumvi," akasema. "Zilikuwa siku nane."

"Tisa!"

"Nane. Ya tisa ulilala nikaendesha mimi. Na sikugonga kitu."

Kisha Breki akasema jambo ambalo Mwalimu, aliyekuwa ndani akipanga vikombe, alilisikia waziwazi. Alisema kwamba yeye ndiye atakayetangulia, kifua chake kinamwambia, na kwamba siku hiyo hataki kupita kona ile ya mwisho bila buruji.

"Nitakupigia," Babu akasema.

"Ukitangulia wewe, nitaendesha mwenyewe gari la jeneza lako."

"Afadhali nitembee."

Wakacheka sana. Lakini lilikuwa agano, na wote kibarazani walijua hivyo.

Sasa Mwalimu alitaka picha. Mjukuu alikuwa amebakiza miezi michache kumaliza masomo, na tangu msiba hapakuwa na picha ya familia ukutani isipokuwa ile ya zamani, ambamo marehemu alikuwa amesimama katikati. Mwalimu alitaka mpya, ya studio, katika fremu nzuri, ili mgeni akiingia aone kwamba nyumba ile bado imesimama. Alimshonea Babu shati jeupe. Alilipeleka koti lake la medali kwa dobi. Halafu akamtazama usoni siku moja mezani, akaona meno.

Meno yale ya gwaride yalikuwa yamestaafu. Mbele juu yalibaki manne: mawili yalicheza, mawili yalikuwa mazima lakini ya manjano kama mahindi makavu. Chini palikuwa na mchanganyiko. Babu akicheka, na alicheka mara nyingi, ndiyo hayo yaliyoonekana. Mwalimu hakuwa mtu wa kuona haya juu ya mzee wake. Alichoona ni kwamba watu watamtazama ukutani miaka na miaka na kudhani hakutunzwa. Akampeleka kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye taa kwenye paji la uso. Aligonga jino moja baada ya jingine kwa kifaa chake.

"Haya mawili yatoke, hayana maisha," akasema. "Haya mawili ya katikati ni imara. Yanaweza kukaa hata miaka kumi."

"Yakibaki mawili peke yake ataonekana kama sungura," Mwalimu akasema. "Yatoe yote manne, umwekee seti nzima inayofanana."

"Mzee, wewe mwenyewe unasemaje?"

Babu alikuwa amelala kwenye kile kiti, kitambaa kifuani, mdomo wazi. Aliufunga kidogo ili ajibu.

"Mwalimu amekwisha kusema."

Mwalimu alifurahi kwa jibu lile. Alifurahi hata akaja kulirudia shuleni kwa walimu wenzake, kuonyesha jinsi mzee anavyomheshimu.

Picha ilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. Babu alikaa katikati, koti limenyooka, anatabasamu kama waziri aliyetoka kuapishwa. Ilitundikwa sebuleni mkabala na mlango. Jumamosi iliyofuata Breki akaja, akaegesha baiskeli, akapanda ngazi akihema, na rafiki yake akamkaribisha kwa mdomo mzima.

"Mungu wangu!" Breki akasema. "Nani amekuuzia piano?"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa. Kisha akamwangalia Babu, uso umebadilika.

"Wewe. Na buruji je?"

"Nyamaza," Babu akasema chini chini. "Anakuja na chai."

Lakini Mwalimu alikuwa amekwisha kufika mlangoni na sinia.

"Buruji imefanya nini?"

Wazee wawili wakatazama barabara kama watoto waliovunja chungu. Mwalimu hakuondoka. Alikuwa na njia yake ya kusimama, wanafunzi wote waliijua, ambayo ilimaanisha kwamba jibu litatoka, leo au kesho. Breki ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Mwalimu, mtu hapulizi kwa midomo peke yake. Midomo inakaa juu ya meno. Yale mawili ya katikati ndiyo aliyokuwa anaegemeza buruji miaka yote. Hayo ya duka yanakaa kwa kunyonya tu. Ukipuliza, pumzi inaingia, yanaachia."

"Baba," Mwalimu akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekwisha kusema isilie nyumbani," akajibu. "Na picha uliitaka sana."

Hakukuwa na lawama yoyote katika sauti yake, na hilo ndilo lililomfanya Mwalimu aweke sinia chini kabla halijamponyoka.

Mwezi ule ule Breki akalazwa. Baada ya wiki mbili hospitali ikamrudisha nyumbani, ikamwambia Mama Breki amlishe anachokitaka. Kila mtu alielewa maana yake. Babu alimtembelea kila siku asubuhi kwa miguu, na siku ya tatu alirudi akiwa amenyooka kama yuko kazini. Alimkuta Mwalimu akisahihisha madaftari, akasimama mbele ya meza.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Ya nini, Baba?"

"Kupiga."

"Hiyo si ruhusa ya kuomba kwangu," akasema, na hakuweza kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Piga."

Aliamua kujifunzia stoo, nyuma ya nyumba, kati ya magodoro ya zamani na mitungi ya maji. Kilichotoka humo mchana ule hakikuwa buruji. Kilikuwa mlio wa bata aliyekanyagwa, halafu ukimya, halafu sauti ya meno yakigonga shaba, halafu bata tena. Mwalimu alifunga madirisha ya upande ule. Jirani yake, mama mwenye duka la vitambaa, akachungulia juu ya ukuta.

"Mwalimu, mmeanza kufuga?"

"Ni pampu ya maji," Mwalimu akasema. "Fundi yumo ndani."

Hakuwa na mazoea ya kusema uongo, akarudi ndani haraka.

Walirudi kwa daktari wa meno. Aliwapa unga wa kubandikia, akawaonya kwamba kwa kula utashika, kwa kupuliza hapana. Alikuwa mkweli. Siku nne Babu alijaribu unga, akajaribu pamba, akajaribu kushika meno kwa ulimi, jambo lililomfanya atokwe mate kama mtoto. Mjukuu alimtazama midomo kila alipotoka stoo, akampaka mafuta, akamwambia apumzike. Alipumzika muda wa kunywa chai.

Siku ya tano aliyatoa kabisa meno yale ya juu, akayaweka kwenye kikombe. Akahamisha buruji kutoka katikati ya mdomo, akaipeleka kulia, ambako chini ya shavu lilibaki jino lake moja la kweli, akaegemea hapo. Sauti ikatoka. Ilikuwa ndogo, yenye mchanga ndani yake, lakini ilikuwa sauti. Wito wa mwisho una sauti tano tu, zinazorudiwa kwa kupanda na kushuka. Wiki ilipokwisha alikuwa amezipata nne. Ile ya juu kabisa, ambayo wito wote unaikwea, haikuja.

Mwalimu alisimama nje ya mlango wa stoo akamwona akipuliza. Bila meno mdomo ulikuwa umezama, pua imekaribia kidevu, shavu moja limevimba upande, jasho linamtoka. Mtu aliyeonekana ukutani kama waziri sasa alionekana mzee sana. Mwalimu akaiona akilini siku ya maziko: watu wote wa mtaa wamesimama, wafanyakazi wenzake Babu wa kiwandani, wazazi wa wanafunzi wake. Akaona vijana wakibana vicheko. Na aliyemtoa meno ni nani? Ni yeye.

Kesho yake alivaa gauni lake la vikao, akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri, akaenda nayo kambini. Kapteni aliyempokea alikuwa na adabu. Aliisoma mpaka mwisho, akasema kwamba dereva wa vita kama yule ana haki ya kupigiwa, na kwamba kikosi kitaleta mpiga buruji wake. Mwalimu alimshukuru. Njiani alijiambia kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya Breki, ili agano litimie hata mzee akishindwa. Hakumwambia mtu.

Breki alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, Babu akiwa amemshika mkono na Mama Breki akiwa amemshika mwingine. Maneno yake ya mwisho, kwa maelezo ya mke wake, yalikuwa malalamiko juu ya uji.

Alizikwa Alhamisi alasiri. Watu walikuwa wengi. Babu alivaa koti la medali na kubeba buruji yake kwapani, yenye mbonyeo uliotokana na mlango wa lori la vita. Alitembea kati ya Mwalimu na mjukuu, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikijipanga, ikijikunja na kujikunjua. Walipofika kando ya kaburi akaona, upande wa pili, askari sita wamejipanga na kapteni wao, na pembeni yao kijana mmoja mwenye glavu nyeupe, ameshika buruji mpya inayong'aa kama kioo.

Babu alimtazama kijana, akatazama glavu, akatazama buruji.

"Nani amemwita?" akauliza polepole.

Ilikuwa rahisi kusema ni kapteni. Ilikuwa rahisi zaidi kunyamaza. Jeneza lilikuwa linateremshwa, na wakati huo kila mtu ana haki ya kunyamaza.

"Mimi, Baba," Mwalimu akasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa watakucheka."

"Wacheke tu. Breki amenicheka zaidi ya miaka hamsini, na bado nilikuwa nampigia." Kisha akamgeukia, amesimama mguu sawa, akasema kwa upole ule ule wa siku zote, "Lakini mkubwa wa nyumba ni wewe. Ukisema kijana apige, apige. Mimi nitasimama."

Na angesimama. Mwalimu alijua. Angesimama bila neno, kama alivyolala kwenye kiti cha daktari mdomo wazi, na angerudi nyumbani, na asingelitaja jambo hilo mpaka kufa. Upande wa pili kapteni alikuwa amekwisha kuinua mkono kidogo, na kijana amekwisha kulowanisha midomo.

Mwalimu hakungoja. Alizunguka kaburi kwa viatu vyake vya kisigino, udongo laini ukimzamisha, watu wakimpisha kwa mshangao. Akafika mbele ya kapteni.

"Afande, samahani sana. Ni mimi niliyewasumbua. Mpigaji wa marehemu yupo."

"Yupi, mama?"

"Yule pale. Walikubaliana."

Kapteni akatazama. Aliona medali, akaona buruji yenye mbonyeo. Hakuuliza swali la pili. Alimwambia kijana neno moja, na kijana akashusha buruji yake.

Mwalimu aliporudi, Babu alikuwa anahangaika. Alikuwa ametia kidole mdomoni, ameyaachia yale meno ya juu, na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka. Mifuko ya koti lile ilishonwa ikazibwa tangu jeshini ili lisivimbe. Mkono mmoja ulikuwa na buruji, mwingine ulikuwa mdomoni, na watu zaidi ya mia mbili walikuwa wanatazama. Mwalimu alikuwa na leso ndani ya mkono wa gauni. Hakuitoa. Alinyoosha kiganja kitupu.

Babu akayaweka pale. Yalikuwa ya moto na yenye mate. Mwalimu hakukunja vidole. Alisimama kiganja kikiwa wazi, kama mtu anayemshikia mwenzake miwani.

Babu akapiga. Alianza chini, kwa ile sauti yenye mchanga, na kwa muda mfupi ilionekana itakatika. Haikukatika. Ikapanda ya pili, ikapanda ya tatu, ikashuka, ikapanda tena, shavu la kulia limekaza, macho amefumba. Mahali fulani nyuma mtoto alicheka, akafinywa. Ilipofika zamu ya ile ya juu, Babu akaikwea kwa pumzi yake yote, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, ndefu, kavu, bila sauti ndani yake. Hakusimama. Aliipa muda wake wote, kama ingekuwa imelia, kisha akashuka kwenye zile nyingine akamaliza. Askari sita walikuwa wamepiga saluti. Yule kijana mwenye glavu alikuwa amepiga kabla yao.

Mama Breki alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na shimo. Akainama mbele kidogo.

"Haya, baba watoto," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wamekusikia. Pita."

Baadaye kuna waliosema kwamba siku ile meno yalimwanguka mzee kaburini, na hadithi hiyo ilitembea mtaani hata ikafika shuleni, kwenye chumba cha walimu. Hayakuanguka. Mwalimu aliwasahihisha hapo hapo, akainuka kabisa kutoka kwenye kiti chake. Alisema mzee aliyatoa mwenyewe, kwa mkono wake, na kwamba yeye ndiye aliyeyashika. Alisema pia kwa nini ilibidi ayatoe, na nani aliyemfikisha hapo. Walimu wakaangalia madaftari yao.

Lakini hayo yalikuwa ya wiki iliyofuata. Alhamisi ile, kutoka makaburini, walikwenda nyumbani kwa marehemu kula. Uani palikuwa na bomba, na wanawake walikuwa wamelizunguka wakiosha sahani. Mwalimu akaingia kati yao na gauni lake la vikao, akachuchumaa.

"Mwalimu, lete nikuoshee. Ni nini hicho?"

"Meno ya baba yangu," akasema, kwa ile sauti inayofika hadi dawati la mwisho. "Nisogezee sabuni."

Aliyasugua kwa kidole, akayasuuza mara tatu, akayapeleka. Babu alikuwa amekaa kando ya ukuta peke yake, sahani magotini, anautazama mnofu kama mtu anayetazama mlima. Aliyapokea, akageuka upande, akayapachika, akayajaribu kwa kugonga mara mbili.

"Mwalimu."

"Naam, Baba."

"Ile ya juu. Ilitoka?"

Pembeni watu walikuwa wanakula. Mjukuu alikuwa anakuja na maji ya kunywa, na usoni pake ilionekana wazi kwamba angesema ndiyo.

"Haikutoka, Baba."

Babu aliitikia kwa kichwa, ameridhika na jibu.

"Nilijua," akasema, akachukua mnofu. "Lakini hata Breki mwenyewe, miaka yote ile, hakuwahi kuingiza gia ya tatu bila kelele."